Sekunde Mbili Zilizopotea Mezani

Tangu muhula uliopita, nikipita karibu na vimbweta vya Uhandisi lazima kuna mtu ataita, "Oya ticha, saa ngapi?" halafu wenzake wanaangua kicheko. Mwanzoni nilikuwa nacheka nao. Baadaye nikaanza kuzungukia nyuma ya maktaba ili nisipite pale. Wageni wanadhani ni utani wa kawaida wa vitivo. Utani huo una kisa chake, na kwa kuwa kimeshachanganywa na uongo mwingi, nimeona nikieleze mwenyewe humu kwenye jarida letu. Wapo wanaosema niliuza mechi. Wapo wanaosema refa ndiye aliyeuza, mimi nilikuwa dalali tu. Ukweli wenyewe hauna hela ndani yake: nilikuwa naangalia mpira.

Ili unielewe, itabidi kwanza nikueleze kazi ya meza, maana nimegundua hata wachezaji wetu wengi hawaijui.

Ukienda kuangalia kikapu unawaona waamuzi wenye filimbi, wawili, au watatu kwenye mechi kubwa. Hao ndio wanaotukanwa. Meza iliyo pembeni, katikati ya benchi mbili, watu wanaiona kama mahali pa kuwekea chupa za maji na funguo za pikipiki. Meza kamili ina watu wanne: mwandishi anayejaza karatasi ya mchezo, msaidizi wake, mtunza saa ya mchezo na mtunza saa ya sekunde 24. Chuoni kwetu sijawahi kuona wanne wakitimia. Siku ile tulikuwa watatu, na saa zetu zilikuwa laptopu mbili za kuazima zenye programu ya kuhesabu muda. Moja nilikuwa nayo mimi, nyingine alikuwa nayo dada mmoja wa mwaka wa kwanza. Ya kwangu naianzisha na kuisimamisha kwa kubonyeza kile kitufe kirefu cha chini. Kidole gumba, basi. Kwa kuitazama ni kazi ya kidole kimoja, na ndiyo maana kila mtu anadhani anaiweza.

Nilifikaje pale? Tulipewa semina ya siku mbili ya uamuzi, na mimi nilikuwa wa kwanza kujiandikisha. Nasoma elimu, na kaka zetu waliotangulia walishatuonya: ukienda mafunzo kwa vitendo, mkuu wa shule akisikia tu umewahi kushika filimbi, wewe ndiye mwalimu wa michezo, hata kama somo lako ni historia. Nikaona bora nijue mapema.

Sasa, faulo. Uwanja wa kikapu una urefu wa mita 28 na upana wa mita 15, na ndani yake wapo watu kumi wanaokimbilia mpira mmoja. Kugusana hakuepukiki. Refa hapigi filimbi kwa sababu watu wamegusana, anapiga kwa sababu mguso umemwondolea mtu nafasi iliyokuwa haki yake. Kwenye semina tuliambiwa tumuone kila mchezaji kama amesimama ndani ya pipa lisiloonekana. Pipa hilo linafika mbele kwenye viganja vyake, nyuma kwenye makalio, na pembeni kwenye mikono na miguu yake, na linapanda juu mpaka hewani. Akiruka wima ndani ya pipa lake na wewe ukamparamia, kosa ni lako. Akiinama akatoka nje ya pipa lake na kukukata mkono, kosa ni lake. Na mshambuliaji naye anaweza kufanya faulo: mlinzi akishawahi kusimama mbele yake kihalali, miguu yote chini, halafu mshambuliaji akamvaa kifuani, hapo mpira unanyang'anywa. Jukwaa huwa haliamini kabisa kwamba mwenye mpira anaweza kuwa na kosa. Hapo ndipo matusi huanza.

Refa akiona faulo anafanya vitu viwili kwa wakati mmoja: anapiga filimbi na kunyoosha mkono juu ukiwa umekunja ngumi. Ikiwa si faulo bali ukiukaji tu, kama mtu kutembea na mpira au mpira kutoka nje, mkono unapanda ukiwa kiganja wazi. Ngumi au kiganja, zote mbili zinasema jambo moja kwa mtunza saa: simamisha. Ndiyo maana tulifundishwa kwamba mtunza saa hafanyi kazi kwa masikio peke yake. Uwanja ukiwa na ngoma na vuvuzela, filimbi inapotea. Mkono haupotei, mradi uwe unautazama.

Baada ya hapo refa anasogea mahali ambapo meza inamuona vizuri na kutoa taarifa kwa vidole: namba ya mchezaji, aina ya faulo, na kinachofuata. Kwa mchezaji namba 23 anaonyesha vidole viwili kwa mgongo wa mkono, halafu vitatu kwa upande wa kiganja. Mwandishi anaandika. Utaona ana kalamu mbili, nyekundu kwa robo ya kwanza na ya tatu, ya bluu au nyeusi kwa robo ya pili na ya nne, ili hesabu za robo moja zisiingiliane na za nyingine. Na kila faulo anaiandika katika madaftari mawili, ingawa karatasi ni moja. Daftari la kwanza ni la mchezaji: akifikisha tano anatoka, harudi. La pili ni la timu: katika kila robo timu inaruhusiwa faulo nne, na kuanzia ya tano, mpinzani anayefanyiwa faulo anapewa mitupo huru miwili hata kama hakuwa anafunga. Faulo ya mshambuliaji inahesabika nayo, ila haileti mitupo.

Hapa nitoe angalizo. Wengi wetu kikapu tumejifunza kwa kuangalia NBA, hasa baada ya mwaka 2009 ambapo Hasheem Thabeet wetu alichaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies. Kule robo ni dakika 12 na mchezaji anatoka kwa faulo sita. Sisi tunacheza kwa kanuni za FIBA, robo nne za dakika 10 na faulo tano. Nusu ya ugomvi unaotokea kwenye meza yetu unaletwa na mtu anayedai haki iliyopo kwenye ligi nyingine.

Daftari lile la pili, la faulo za timu, ndilo linaloifunga faulo na saa pamoja. Fikiria timu yako inaongozwa kwa pointi tatu, zimebaki sekunde 20, na mpira wanao wapinzani. Saa inatembea na wao hawana haraka. Utafanya nini? Unamfanyia mtu faulo. Saa inasimama, anakwenda kupiga mitupo miwili, labda anakosa mmoja, na mpira unarudi kwako. Umenunua muda, umeulipia kwa pointi. Upande wa pili kuna hila tulivu zaidi. Timu inayoongoza, ikiwa imefanya faulo mbili au tatu tu katika robo hiyo, ina faulo ambazo haijazitumia. Sisi tunaziita faulo za akiba. Mpinzani akianza kushambulia, unamshika kidogo kabla hajaruka. Hapati mitupo, anapewa mpira pembeni aanze upya, na sekunde alizokuwa amezitumia kupanga shambulio zimeshakwenda.

Kanuni zinajua hila hizi na zimejaribu kuzizungushia uzio. Ukimkamata mtu bila hata kuugombea mpira, refa anaweza kuita faulo isiyo ya kiungwana, na hapo unatoa mitupo miwili na mpira pia. Katika dakika mbili za mwisho, ukimfanyia mtu faulo wakati mpira bado haujarushwa kutoka pembeni, wao wanapata mtupo mmoja na mpira unabaki kwao. Lakini hila yenyewe haijafa. Desemba 1997 kocha Don Nelson wa Dallas alimtuma Bubba Wells amfanyie faulo Dennis Rodman kila nafasi, akiamini Rodman hajui mitupo huru. Wells alimaliza faulo zake sita ndani ya dakika tatu akaenda kukaa. Rodman akafunga mitupo 9 kati ya 12. Mimi kisa hicho hunifurahisha kila nikikikumbuka, samahani kwa makocha.

Twende kwenye saa. Watu wanadhani robo ikianza saa inatembea hadi iishe, kama mpira wa miguu. Saa ya kikapu inasimama kila filimbi inapolia. Na haianzi tena pale mpira unaporushwa kutoka pembeni. Inaanza pale mpira unapoguswa na mchezaji aliye ndani ya uwanja. Refa anainua mkono juu, anasubiri ule mguso, halafu anaukata mkono chini kama anayepasua kuni, na hapo ndipo kidole cha mtunza saa kinabonyeza. Kapu likifungwa saa huendelea kutembea, isipokuwa katika dakika mbili za mwisho za robo ya nne na za muda wa nyongeza: hapo kila kapu linasimamisha saa. Kumbuka hilo, tutalihitaji.

Pembeni yake inatembea saa ya pili, ya sekunde 24, ambayo ni muda timu inaopewa kushambulia. Hii ilizaliwa kwa sababu ya uchovu. Tarehe 22 Novemba 1950 Fort Wayne Pistons waliifunga Minneapolis Lakers 19 kwa 18, mechi nzima, kwa sababu Pistons waliushika tu mpira wakaukalia. Mwaka 1954 Danny Biasone, mwenye timu ya Syracuse, akaja na hesabu yake: mechi nzuri ina mitupo kama 120 kwa timu zote mbili, mechi ina sekunde 2,880, gawanya. Ikatoka 24. FIBA walianza na 30 mwaka 1956, wakahamia 24 mwaka 2000. Mpira ukigonga ringi na washambuliaji wakaudaka tena, wanapata 14 tu.

Basi, siku yenyewe.

Nusu fainali ya bonanza la vitivo, Elimu na Uhandisi. Ndiyo, mimi ni wa Elimu na nilikaa kwenye saa ya mechi ya Elimu. Kosa la kwanza ni hilo, na halikuwa la hila: tuliohudhuria semina tulikuwa wachache, na wawili kati yao walikuwa wanacheza. Refa aliniuliza kama nitaweza, nikasema nitaweza. Nilipaswa kukataa.

Zikiwa zimebaki sekunde 25 kamili, Elimu tukafunga. 61 kwa 60. Nikasimamisha saa, sawasawa kabisa, kwa ile kanuni ya dakika mbili za mwisho. Uhandisi walikuwa wameshamaliza mapumziko yao yote ya kocha, kwa hiyo wakarusha mpira kutoka chini ya kapu lao. Mguso. Refa akakata mkono. Mimi nikabonyeza, na dada wa mwaka wa kwanza akabonyeza yake. Yangu ilianza kushuka kutoka 25, yake kutoka 24.

Uhandisi walifanya kile ambacho timu yoyote yenye akili ingefanya. Walivuta muda ili wapige mtupo wa mwisho wa mechi. Kapteni wao, ambaye kwa bahati mbaya tunakaa naye chumba kimoja hosteli, alikuwa anadunda mpira katikati ya uwanja huku anatuangalia sisi mezani, anaangalia muda. Sisi Elimu tulikuwa na faulo tatu tu katika robo ile. Yaani tulikuwa na faulo moja ya akiba, na kocha wetu alikuwa anaipigia kelele kabisa, kila mtu anasikia. Kapteni alipoanza kuingia, beki wetu akamshika mkono. Filimbi. Ngumi juu.

Mimi sikuiona ngumi. Kapteni alikuwa ameshauachia mpira kwa yule aliyekuwa kona, na yule akaruka akapiga, na mpira ulikuwa hewani, na mimi nilikuwa naufuata kwa macho kama shabiki yeyote aliyesimama juu ya ukuta. Ulipogonga ringi na kutoka ndipo nikagundua watu wote uwanjani wamesimama na refa ameinua mkono. Nikabonyeza. Saa yangu ilisomeka 1.9.

Ninyi mliokuwepo mnakumbuka kilichofuata. Kapteni akaja mbio mezani, ananionyesha vidole vinne. "Ticha, ilikuwa nne! Nilikuwa naiangalia!" Kocha wetu naye anapiga kelele kwamba saa haisemi uongo. Refa akawatuliza, akaniinamia, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ulichelewa?"

Nikasema, "Nilichelewa."

"Kiasi gani?"

Nikasema sijui. Na kwa kweli sikujua.

Sasa elewa nafasi ya refa pale. Kanuni zinamruhusu kurekebisha makosa ya saa, wakati wowote kabla hajasaini karatasi ya mchezo. Ila anahitaji kitu cha kushika. Hatuna kamera. Vidole vya kapteni haviwezi kuwa ushahidi, maana kapteni ndiye mwenye shida. Kumbukumbu yake mwenyewe? Alikuwa anaangalia mkono wa beki, na ndiyo kazi yake. Ubao wa muda ulikuwa nyuma yake. Akauliza meza nzima kama kuna mwenye namba. Mwandishi akatikisa kichwa. Dada wa mwaka wa kwanza akanyamaza. Mechi ikaendelea na 1.9.

Tofauti ya sekunde 1.9 na 4 unaijua kama umewahi kucheza. Kwa sekunde nne unapokea, unadunda mara mbili, unamhadaa mtu, unapiga ukiwa umetulia. Kwa 1.9 unapokea na kupiga. Kanuni zenyewe zinakiri kwamba muda mfupi una ukomo wake: ikibaki sekunde 0.3 bado unaweza kudaka na kupiga, ikibaki 0.2 au 0.1 unaruhusiwa kuusukuma tu ukiwa hewani au kuupachika moja kwa moja. Uhandisi walirusha, mtu akadaka akiwa amegeukia nje, akajizungusha, akapiga. Mpira haukugusa hata ringi. Elimu tukaenda fainali.

Sikushangilia, na wapo walioona hilo wakalifanya ushahidi wa hatia. Haya.

Kwenye semina tulikuwa tumehadithiwa fainali ya Olimpiki ya mwaka 1972 mjini Munich, Marekani na Umoja wa Kisovyeti, na usiku ule kitandani ndiyo niliyokuwa naifikiria. Marekani hawakuwa wamewahi kufungwa mechi hata moja ya Olimpiki. Zikiwa zimebaki sekunde tatu Doug Collins akafunga mitupo huru miwili, Marekani wakaongoza 50 kwa 49. Wakati anapiga ule wa pili, honi ya meza ikalia. Wasovyeti walikuwa wanadai wameomba mapumziko na meza haikuwapa. Mpira ukarushwa, mchezo ukasimamishwa ikiwa imebaki sekunde moja. Hapo akashuka William Jones, Katibu Mkuu wa FIBA, mtu ambaye kikanuni hakuwa na mamlaka ya kuamuru lolote katikati ya mechi, akaonyesha vidole vitatu: rudisheni sekunde tatu. Mpira ukarushwa kwa mara ya pili kabla mtunza saa hajamaliza kuiweka saa sawa. Saa inaonyesha 50, honi inalia, Wamarekani wanakumbatiana. La hasha, rudieni tena. Mara ya tatu Ivan Edeshko akaurusha mpira kutoka upande mmoja wa uwanja mpaka mwingine, Alexander Belov akaudaka chini ya kapu akafunga. 51 kwa 50. Refa Renato Righetto wa Brazil akakataa kusaini karatasi ya mchezo. Rufaa ya Marekani ikashindwa kwa kura tatu dhidi ya mbili, na zile medali za fedha hawajazichukua hadi leo.

Kinachonivutia kwenye kisa kile si Wamarekani kununa. Ni kwamba pale mezani watu hawakuwa wanasikilizana. Mmoja anajua kuna ombi la mapumziko, mwingine anahangaika na saa, refa anaruhusu mpira, kila mtu ana kipande chake cha ukweli na hakuna aliyeviunganisha. Mgawanyo huo ni wa zamani kama mchezo wenyewe. James Naismith alipoandika kanuni zake 13 mwezi Desemba 1891 kule Springfield, aliweka waamuzi wawili: mmoja wa kuwaangalia watu na kuhesabu faulo, mwingine wa kuuangalia mpira na kutunza muda. Tangu siku ya kwanza faulo ilikuwa mikononi mwa mmoja na saa mikononi mwa mwingine, na mchezo mzima unategemea hao wawili kuongea.

Ilikuwa kama saa saba usiku. Kapteni yuko kitanda cha juu, hajanisemesha tangu jioni. Nikakumbuka kitu: saa ya dada.

Yake ilianza 24 wakati yangu inaanza 25. Zilianza kwa mguso uleule, kwa ishara ileile ya refa. Katikati hakuna mpira uliogonga ringi, hakuna filimbi iliyolia, hakuna kilichozisimamisha. Kwa hiyo muda wote saa yangu ilipaswa kuwa mbele ya yake kwa sekunde moja kamili, si zaidi, si pungufu. Nikampigia simu. Nilimwamsha, akadhani kuna msiba.

"Dada samahani, ile faulo ya mwisho, saa yako ilisimama kwenye ngapi?"

"Tatu," akasema. "Niliona ngumi nikabonyeza. Halafu nikaifuta maana mlinzi amefanya faulo, si ndivyo tulivyofundishwa?"

Ndivyo tulivyofundishwa. Faulo ya mlinzi kwenye eneo la mbele, saa ya mashambulizi inarudi 14, na kama muda wa mchezo uliobaki ni chini ya hapo, inazimwa kabisa. Yeye alifanya kazi yake bila kosa hata moja, na kwa kuifanya vizuri akaufuta ushahidi. Tatu kujumlisha moja ni nne. Kapteni alikuwa sahihi.

"Mbona hukusema refa alipouliza?"

"Aliuliza saa ya mchezo, kaka. Ya mchezo si yako?"

Sikuwa na la kumjibu. Refa alisimama mita moja kutoka kwenye jibu. Jibu lilikuwa kutoa tu, hesabu ya darasa la kwanza, na kati yetu watatu mezani wawili tunasomea ualimu.

Nilishuka kitandani nikamwamsha kapteni nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama mechi inaweza kurudiwa. Nikamwambia karatasi imeshasainiwa, saa imeshapita. Alichokuwa nacho ni haki ya nahodha kumwambia refa ndani ya dakika 15 baada ya mechi kwamba timu yake inapinga matokeo, na kusaini kwenye nafasi yake palepale kwenye karatasi. Hakuwa anaijua haki hiyo. Na mimi niliyekuwa naijua nilikuwa wakati huo nakunja waya za laptopu kwa haraka ili niondoke.

"Kwa hiyo ulijua," akasema.

"Nilijua kanuni. Sikujua namba."

Akageukia ukutani. Tuliongea tena baada ya siku tisa, na tulianza na habari za bumu kuchelewa.

Kuhusu NBA, kule wana kifaa kinachovaliwa na waamuzi kiunoni ambacho kikisikia filimbi kinasimamisha saa chenyewe. Najua kuna mtu atasema tununue. Sisi hata neti za kapu zinachangishwa. Tunachoweza ni kidogo zaidi. Katika dakika mbili za mwisho, kila mpira unapokwenda kurushwa, mtunza saa na yule wa sekunde 24 wasomeane namba zao kwa sauti na mwandishi aandike tofauti pembeni ya karatasi chakavu. Zikisimama tofauti, unajua nani kachelewa na kwa kiasi gani. Mtunza saa asiangalie mpira unapofika sekunde za mwisho, amtazame refa aliye karibu nao, mkono wake. Na asikae mtu kwenye saa ya kitivo chake, hata kama semina nzima amehudhuria peke yake.

Jumamosi iliyopita nilikaa tena kwenye saa, mechi ya Sheria na Biashara. Dada wa mwaka wa kwanza alikuwa kulia kwangu. Kushoto, kwenye karatasi ya mwandishi, alikaa kapteni wa Uhandisi, ameteguka kifundo na kachoka kukaa jukwaani. Kalamu nyekundu na ya bluu alikuja nazo mwenyewe. Ilipofika dakika mbili za mwisho tukaanza kusomeana namba: yangu, yake, tofauti. Yangu, yake, tofauti. Kapteni akaandika zote, mstari kwa mstari, kwa mwandiko wa michoro ya uhandisi. Mechi iliisha kwa tofauti ya pointi 19 na hakuna aliyetuuliza kitu.